Mgonjwa Wangu wa Jikoni

Bibi yangu, mama yake baba, aliamua kujifunza Kiswahili akiwa hana tena meno ya mbele, na mwalimu aliyemchagua ni mimi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa darasa la sita. Kwetu, karibu na Magwagwa, Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya askari na ya wageni waliokuja kununua ndizi. Nyumbani hakikuwa na kazi. Aliyekisema jikoni alionekana anaringa, na mimi kuringa nilikuwa nakupenda sana.

Bibi hakutaka Kiswahili cha kuringia. Alitaka cha kumwambia daktari mahali anapoumwa.

Kwa muda mrefu alikuwa haendi kanisani. Sabato ikifika, anasema anabaki kuchunga kuku wasile mahindi. Waumini wakaanza kunong'ona kwamba amepoa katika imani. Lakini sisi wa nyumbani tulimwona anavyotembea, miguu imeachana kidogo, na anavyokaa upande mmoja akifika kwa jirani. Mama yangu aliona pia, ila yeye ni mke wa mwana, na mke wa mwana hamuulizi mama mkwe habari za mwili. Baba ndiye kabisa hangethubutu.

Mwishowe baba alimpeleka zahanati. Dresa, yaani mhudumu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, aliyekuwa zamu siku hiyo alitoka katika ukoo alikoolewa shangazi yangu. Kwa desturi yetu huyo ni mkwe, hata kama hamjawahi kuonana, na mbele ya mkwe mwanamke hataji kitu kilicho chini ya shingo. Bibi akavuta leso usoni, akatazama sakafu, akasema anaumwa na kichwa. Akapewa dawa ya kichwa. Alipofika nyumbani alimgawia baba, ambaye kichwa kilikuwa kinamuuma kweli kwa sababu ya safari ile. Mpaka leo nikikumbuka nacheka, halafu nakasirika, halafu nacheka tena.

Sokoni bibi alisikia kwamba mjini Kisii, katika hospitali moja ya wamisheni, kuna daktari Mzungu.

"Mzungu si mkwe wa mtu," aliniambia.

"Hajui Kikisii," nikasema. "Anajua Kiswahili. Wasiojua Kiswahili wanatafsiriwa na mzee mmoja wa huku kwetu."

"Huyo mzee ana shangazi, ana binamu, ana wakwe. Simtaki. Nifundishe."

Angeweza kuniambia mimi niende kumsemea. Kwetu bibi na mjukuu wanataniana, hakuna soni kati yao. Yeye aliniita mke mwenza, akidai nilizaliwa ili nimnyang'anye mume. Lakini hata kwa utani wote ule, ugonjwa wenyewe hakuwa ameutaja, nami sikuthubutu kuuliza.

Basi tukaanza. Jioni, wakati maharagwe yanachemka, mimi nilikaa kwenye kigoda kirefu nikiwa daktari, shingoni nimening'iniza kikonyo cha jani la boga, kwa kuwa kina uwazi ndani na nilidhani hewa ikipita, moyo utasikika. Yeye alitoka nje, akapiga hodi, akaingia akiwa mgonjwa.

"Habari yako daktari," alisema kwa Kiswahili. "Mama yako iko muzima? Ng'ombe iko muzima? Mvua imenyesha kwenu?"

"Bibi, daktari hana nafasi ya ng'ombe. Sema unaumwa wapi."

Akarudi kwenye Kikisii papo hapo. "Mtu asiyeulizwa habari za mama yake atanitibu kwa moyo gani?"

Tukabishana. Nilikuwa na ukali wa walimu wangu wote pamoja, na nilimtoa nje mara nyingi arudi aanze upya. Alikubali kumwacha ng'ombe, lakini mama wa daktari alikataa kumwacha. Nikashindwa, mama akabaki.

Kisha nikauliza, "Unaumwa wapi?" Na kila jioni jibu likawa lile lile: "Naumwa na kichwa, daktari."

Siku nyingine alinigeuza mimi mgonjwa, akavaa kikonyo yeye. Alikuwa daktari wa ajabu. Hakuuliza naumwa wapi. Aliuliza, "Umekula? Umekuja na nani? Miguu imechoka?" Nilimcheka, nikamwambia hakuna daktari wa namna hiyo duniani. Alinitazama tu, akaenda kugeuza maharagwe.

Jioni moja uvumilivu ukanishinda. Alipotaja tena kichwa niligonga kigoda kwa ngumi. "Kichwa, kichwa! Kichwa mpaka lini? Daktari atakupa dawa ya kichwa urudi hivyo hivyo!"

Mama alikuwa mtoni, baba hajarudi kutoka kuchuma majani chai. Bibi aliweka mwiko chini, akafunga mlango, akakaa mbele yangu. Hakunitazama. Aliongea kwa Kiswahili, neno moja moja.

"Daktari. Iko kitu ndani ya tumbo, inashuka. Nikibeba maji, inatoka inje. Nikilala, inarudi."

Sikucheka. Niliogopa, maana nilidhani mtu ambaye kitu cha tumboni kinatoka nje hawezi kuishi. Ila nilikuwa daktari, na daktari halii. Nikasema, "Pole, mama. Sema tena, sauti kubwa kidogo." Akasema tena, safari hii akiwa ameinua uso.

Nilielewa jambo moja jioni ile, na bado naliamini. Kwa Kikisii maneno yale yalikuwa na mama mkwe ndani yake, na baba mkwe, na kila mtu aliyewahi kumfundisha haya. Kwa Kiswahili hayakuwa na mtu. Aliweza kuyabeba.

Tangu hapo tulifanya mazoezi kwa sentensi zile tu, tukishona leso za kanisa au tukimenya ndizi, kila tulipokuwa peke yetu. "Inashuka. Inatoka inje. Nikilala, inarudi." Malipo ya chai ya mwezi ule yalipotoka, baba alitoa nauli bila kuuliza tunaenda kutibu nini, nasi tukapanda basi la asubuhi kwenda Kisii.

Mlangoni pa daktari alisimama yule mzee mkalimani, amevaa koti la kijivu, mpole, macho yana usingizi. Akamsalimu bibi kwa Kikisii na kumuuliza, kama ilivyo ada, yeye ni wa ukoo gani.

Bibi alinyoosha mgongo. "Mimi hapana jua Kikisii," akasema kwa Kiswahili.

Mzee alimtazama kuanzia leso mpaka miguuni. Mwanamke wa milima ile, na masikio yake yaliyotobolewa kizamani, hajui Kikisii! Akafungua mdomo, akaufunga, akasogea kando. Bibi akaingia peke yake, nikabaki nyuma ya pazia nimetega sikio.

Nilimsikia akimwuliza daktari habari za mama yake. Daktari akajibu kwamba mama yake ni mzima, anashukuru. Nikasikia zile sentensi zetu zikitoka moja baada ya nyingine bila kukwama, na nikavimba kichwa. Kisha daktari akauliza swali ambalo hatukuwahi kulifanyia mazoezi.

"Tangu lini, mama?"

Nilidhani maneno yamemwishia, nikashika pazia.

"Tangu nazaa mtoto ya mwisho," bibi akasema. "Sasa iko muzee. Mtoto yake ndiyo ile iko inje."

Mtoto wake wa mwisho alikuwa baba yangu. Nilisimama pale nikiwaza mitungi yote ya maji, mizigo yote ya kuni, na mimi mwenyewe nikiwa mgongoni kwake. Machozi yalinitoka na sikuyazuia.

Baada ya kumpima, daktari alisema polepole, "Mama, hii inatengenezeka. Utalala hapa, tutakupasua, utapona. Utatembea vizuri."

Halafu sauti ya bibi ikapaa, kwa Kikisii kitupu: "Mke mwenza! Njoo hapa!" Mkalimani akageuka, akanitazama, akatabasamu, akanifungulia pazia.

Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti.

"Amesema nini?" akauliza.

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Nataka nisikie kwa lugha yetu."

Jikoni tulikuwa tumefanya mazoezi ya maumivu peke yake. Kupona hatukukufikiria, wala mimi daktari wake sikuwahi kumwambia atapona. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia kwa Kikisii kwamba inatengenezeka, kwamba atatembea.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Daktari aliweka kalamu chini, akatungoja.