Kiatu kizito na suti: kanisa lilivyomhukumu fundi Floribert

Saa mbili asubuhi mvua imekata, na mtaa wa Nyawera umegeuka uji. Floribert Murhula ameketi kwenye kigoda chake kando ya soko, kipande cha tairi kati ya magoti, kisu mkononi. Anachonga soli nene kama mkate, na kila apitaye ana neno la kumtupia.

"Papa Floribert, iyo ni kiatu ao ni mutumbwi?"

"Ni mutumbwi," anajibu bila kuinua kichwa. "Weye endelea kuogelea."

Watu wanaangua kicheko. Aliyeuliza amevaa viatu vyembamba vya ncha kali, na matope yameshamfika soksi.

Floribert, mzaliwa wa kisiwa cha Idjwi, ana miaka hamsini na miwili, na nusu ya hiyo ameimaliza hapa. Huchukua viatu vya ngozi vya mtumba, vile vya kuvalia suti, akang'oa soli nyembamba na kuweka ya tairi. Kwa siku hutoa jozi tatu, nne mvua ikizidi.

"Soli ya Ulaya apa inamaliza miezi mbili," anasema. "Ile walitengenezea mutu anatoka mu gari anaingia mu biro ya kazi. Siye tunatoka mu matope tunaingia mu matope."

Na matope hayo yana wenyewe. Barabara imepimwa, imepigwa picha, imekatiwa utepe. Kokoto ndizo hazijafika. Wakubwa hubadilika, mashimo hayabadiliki. Mkubwa huyapita ndani ya gari la vioo vyeusi, atajuaje soli ni nini?

Lakini je, kiatu kizito kinakaa na suti? Swali hilo liliigawa Nyawera mwezi uliopita, na nusura limwondoe Floribert kwenye kigoda chake.

Fabien, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anamwoa Charlène. Kanisa lao liko juu ya mlima, njia ni udongo mtupu, na mvua ikinyesha hata pikipiki hazipandi. Akamletea Floribert viatu vyeusi aviwekee soli nene. Nyuma yake akatokea shangazi wa bibi harusi, maman Cibalonza, muuza vitenge ambaye mdomo wake hufika sokoni kabla ya miguu.

"Tonton, unataka mutoto yetu aolewe na musoda wa jeshi?" akafoka. "Ile viatu ni ya batu ya kuchimba zahabu kule Shabunda. Kuvaa na suti, na kostimu ya arusi? Jamais, hata siku moja! Batu bakitucheka, hakuna bwana arusi atakuletea tena kiatu. Miye mwenyewe nitazunguka soko kusema."

Floribert alijua hatanii. Zaidi ya nusu ya kazi yake hutoka kwenye harusi. Akamtazama Fabien kuanzia chini.

"Maman, kosa haiko kwa kiatu. Angalia iyi pantalon, imebana sana. Muguu mwembamba juu ya kiatu munene, atafanana na jembe yenye imesimamishwa mupini juu. Kiatu muzito inaomba pantalon yenye kushuka."

Akawapeleka kwa Carine, mshona nguo wa jirani. Carine alifumua mishono ya pembeni, akaachia kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani, akashusha pindo mpaka likagusa kamba za viatu. Suti yenyewe ilikuwa ya kitambaa kizito. Fabien aliposimama, juu kuzito na chini kuzito, akawa mtu mmoja. Carine akapiga vigelegele. Cibalonza akafyonya.

"Tutaonana mu kanisa."

Ndivyo ilivyo. Mwanamume ambaye bado hana mke wa kumwambia "rudi ubadili viatu" huhukumiwa na kanisa zima.

Jumamosi ya harusi Floribert alikaa benchi la nyuma. Mambo yalikwenda vizuri mpaka maharusi walipopiga magoti mbele ya altare. Hapo akaliona kosa lake.

Miaka yote amezoea kukwangua meno ya tairi mpaka soli iwe laini. Safari hii, kwa kuuogopa ule mteremko, aliyaacha. Aliifikiria njia, akasahau magoti. Bwana harusi akipiga magoti, nyayo zake hulitazama kanisa. Na kanisa likajionea magurudumu mawili ya pikipiki.

"Ile ni pneu ya nyuma ya moto yangu!" akasema Placide, mwendesha pikipiki aliyelitambua tairi, kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

Mabenchi matatu yakatikisika kwa kicheko. Padri akakohoa. Cibalonza akageuza shingo, akimtafuta fundi. Floribert akainama kama mtu anayefunga kamba.

"Nilisema kazi imekwisha," anakumbuka. "Nilishaanza kufikiri mananasi ya kulima kule Idjwi."

Misa ikiendelea, mvua ikashuka. Watu walipotoka, mteremko ulikuwa sabuni. Msimamizi wa bwana harusi, aliyevaa viatu vya kung'aa vya soli nyembamba, alipiga hatua mbili, ya tatu akaimalizia kwa mgongo, akateleza mpaka wapiga tarumbeta waliosubiri chini walipomdaka. Wajomba wawili wakamfuata.

Fabien alishuka wima, polepole, suruali ikimwangukia vizuri juu ya viatu, Charlène mkono wa kulia. Ghafla mkono wa kushoto nao ukakamatwa. Alikuwa Cibalonza.

"Mukwe wangu, usiniachilie!"

"Tantine, siye basoda hatuachaka mutu."

Jumatatu Cibalonza alifika kwa Floribert kabla soko halijachangamka, viatu vya mumewe vimefungwa ndani ya kitenge.

"Fanya kama ya Fabien, pneu na yote. Lakini pendezesha chini kidogo. Bwana yangu anapendaka benchi ya mbele."

Tangu hapo mabwana harusi saba wameagiza, na wote wanataka meno yabaki. Floribert huyachonga upya kwa kisu, mistari myembamba, anayepiga magoti aonekane amevaa pambo.

Sasa anatafuta chumba kidogo cha kupanga, na kioo kirefu cha kusimamisha ukutani.

"Kwa iki kigoda naonaka batu kuanzia magoti kushuka," anasema. "Nataka nione mutu muzima, kostimu na kiatu pamoja, nimuambie kweli kabla ya tantine yake kumuambia."

Na wakubwa wakitengeneza barabara, nani atataka soli nene? Floribert anacheka mpaka anaweka kisu chini.

"Basi kioo itanilisha," anasema. "Lakini usiogope. Nimeshaweka akiba ya pneu ya miaka kumi."