Wiki Sita za Kuisubiri Ordavion

Ukiharibikiwa mota Bujumbura, iwe ya pampu ya maji au ya kinu cha kusaga unga, utaambiwa: nenda Buyenzi, avenyu ya kumi na saba, muulize Sumaya. Yeye ndiye anayesuka mota. Anautoa waya wa shaba ulioungua, anahesabu mizunguko yake, kisha anasuka mwingine kwa mkono, kama marehemu baba yake alivyomfundisha. Ana miaka arobaini na mitatu. Mtandio anaufunga nyuma ya shingo usije ukanaswa na mashine, na vidole vyake vimejaa makovu madogo madogo. Wateja wageni humuuliza fundi yuko wapi. Yeye huendelea na kazi mpaka waone wenyewe.

Wasichokijua wengi ni kwamba Sumaya ni mpenzi wa katuni ya Kijapani. Si katuni zote, ni moja tu: Ordavion. Ni hadithi ya roboti yenye urefu wa jengo la orofa sita, inayoendeshwa na rubani aliyekaa ndani ya kifua chake, na kazi yake ni kuulinda mji mmoja wa bandari. Ilianza kabla Sumaya hajazaliwa, na imeendelea, mfululizo baada ya mfululizo, filamu baada ya filamu, hadi leo. Marubani wamebadilika mara saba.

Aliianza akiwa na miaka tisa, kwa Kifaransa, nyumbani kwa akina Régis, rafiki yake, huko Bwiza, maana kwao hapakuwa na televisheni. Watoto wa mtaa jina hilo liliwashinda, wakaiita Orudavyo. Wengi walimpenda rubani. Régis aliipenda roboti yenyewe, akaichora katika kila daftari lake mpaka mwalimu akampiga. Sumaya alimpenda Mama Hisae, fundi mzee wa karakana. Kila roboti iliporudi imevunjika, Mama Hisae aliigonga mguuni kwa spana na kusema, "Umerudi. Hayo mengine tutatengeneza."

Kisha vita vikaingia mjini. Familia ya Régis ilihama usiku mmoja, na wawili hao hawakuonana kwa miaka tisa. Siku moja kijana mrefu aliingia karakana ya akina Sumaya na feni iliyoungua. Sumaya alimtazama, akaweka koleo chini.

"We si Régis wa Orudavyo?"

Tangu siku hiyo, kila toleo jipya walilitazama pamoja, Jumapili mchana, sebuleni kwa Régis, Mutanga Sud. Baadaye Régis akawa mchora ramani katika ofisi moja ya Kigobe, akamwoa Béatrice, mwalimu wa lise, shule ya sekondari, mama wa mwanawe Loïc, aliyewaletea chai na kuwacheka: "Batu bazima na vyuma vyabo!"

Matoleo matatu ya mwisho yaliwavunja moyo. Roboti ilitengenezwa yote kwa kompyuta, ikawa nyepesi kama plastiki, inaruka huku na huku kama mbu. Mama Hisae alionekana dakika mbili tu, akimimina chai. "Bamemufanya mupishi!" Sumaya alisema, na wiki nzima hakutaka mtu amtajie habari hiyo. Baada ya hapo kukawa kimya kwa miaka kumi. Halafu zikaja habari: filamu mpya inatoka, na wanaoitengeneza ni watu wapya kabisa. Kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa Ordavion wa mjini, watu kumi na wanne, walibishana miezi mitatu kama wafurahi au waogope. Sumaya aliogopa.

Lakini hofu kubwa zaidi ilikuja na mota ya pampu. Régis aliileta mwenyewe mwezi wa pili. Sumaya alimwekea chai mezani, na Régis akanyoosha mkono, akashika meza. Akapapasa. Akashika tena meza.

"We, iyo macho iko na nini?"

"Apana kitu, sha. Nimechoka tu."

"Usinidanganye. Kikombe iko huku, we uko nashika kule."

Régis akarudisha mkono mapajani. "Naona kama moshi," alisema. "Inaenda mwaka sasa."

"Na kazi unafanya namna gani?"

"Ile ramani nazijua kwa kichwa."

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishamwambia kwamba operesheni yake si kubwa, watu hufanyiwa asubuhi wakalala kwao. Régis alikataa. Baba yake mdogo, Népomuscène, aliingia kufanyiwa operesheni ya jicho akiona nusu, akatoka haoni hata jua. Béatrice alimbembeleza, akalia, akanuna. Sumaya alimgombeza. Hakusikia la mtu.

Mwezi wa sita filamu ikapatikana. Béatrice mwenyewe aliileta nyumbani kwenye flashi, kutoka kwa mwalimu mwenzake, pengine akidhani itamchangamsha mumewe. Jumapili hiyo Sumaya alifika, wakakaa mahali pao pa siku zote, wakaiwasha. Régis aliinamisha kichwa, akitega sikio.

"Sasa iko nafanya nini?"

"Mulango ya karakana imefunguka."

"Roboti iko?"

"Iko, lakini bado giza. Ngoja. Sasa naiona."

"Rangi yake?"

"Iko kama... kama chuma yenye kuloa mvua. Apana, si vile. Iko kama..." Alikuwa anaona kitu kizuri, akakijua kuwa ni kizuri, na hakuwa na namna ya kukiweka katika kichwa cha mtu wa pembeni yake.

"Basi sema tu, mi nasikia," Régis alisema kwa upole.

Upole huo ndio uliomshinda. Dakika ya kumi Sumaya aliizima.

"Suma, endelesha."

"Apana. Mi sitaiangalia mpaka tuiangalie wote."

"Utangoja sana."

"Nitangoja."

Hakuwa anamtega. Alishindwa tu. Jioni ileile alijitoa kwenye kundi la WhatsApp, asije mtu akamwambia mwisho. Flashi alimwachia Béatrice aifiche.

Taabu ni kwamba katika dakika zile kumi alikuwa ameona jambo. Karakana ya Ordavion ilikuwa tupu. Vyombo vimefunikwa shuka, na kiti cha Mama Hisae kimepinduliwa juu ya meza, miguu juu, kama viti vya mkahawa uliofungwa. Wamemuua, Sumaya aliwaza. Hao watu wapya wamemuua hata kabla hadithi haijaanza. Aliwaza hivyo akisuka, akakosea hesabu ya mizunguko, akalazimika kuifumua mota nzima. Haikuwahi kumtokea tangu baba yake alipokuwa hai.

Wiki ya tatu, simu ikalia saa nne asubuhi. Alikuwa Régis, yuko kazini.

"Suma. Nina swali moja. Mama Hisae amekufa?"

"Sijui. Mi pia niliishia pale pale."

"Kweli hujaiangalia?"

"Wallahi sijaiangalia."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

Régis akakata simu. Lakini kesho yake alimwomba Béatrice ampeleke kliniki, akachukua tarehe. Béatrice alimpigia Sumaya kutoka barabarani, akichanganya Kirundi na Kifaransa kiasi kwamba Sumaya alimwambia arudie mara tatu kabla hajaelewa.

Operesheni ilikuwa Jumanne ya wiki ya sita, jicho la kulia kwanza. Wanawake wawili walikaa kwenye benchi la korido, Béatrice na rozari yake, Sumaya akisoma dua kimyakimya. Walikuwa wameambiwa nusu saa. Baada ya dakika ishirini umeme ukakatika.

Béatrice alimshika mkono. "Dada Sumaya, bako namukata jicho sasa hivi!"

"Ngoja," Sumaya alisema. Akafumba macho, akasikiliza. Nyuma ya jengo, kitu kilikohoa mara moja, kikakohoa mara ya pili, kikashika, na mngurumo wake ukatulia sawasawa. Taa zikarudi. "Usiogope, mama Loïc. Iyo jenereta iko nzima. Haina hata kelele mbaya."

Kesho yake bandeji ilitolewa. Régis alipepesa jicho, machozi yakimtoka, akamgeukia mkewe, akamkazia macho muda mrefu.

"Mama Loïc, izi mvi zimeanza lini?"

Béatrice alimpiga begani, akacheka, kisha akakaa chini sakafuni. Muuguzi alisema siku chache bado ataona ukungu, lakini jicho liko vizuri, na televisheni si marufuku, akichoka apumzike. Sumaya alishukuru Mungu. Hata hivyo moyo wake haukutulia wote. Alimjua Régis: mtu aliyeweza kuficha mwaka mzima kwamba haoni, angeweza vilevile kujifanya anaona, ili watu wa kwake wafurahi.

Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, wakaiwasha upya, tangu mwanzo. Béatrice naye akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Sumaya alijua katika hatua ya kwanza kwamba filamu hii ni nzuri. Roboti iliinua mguu, ikaukanyaga chini. Vumbi likapanda, madirisha ya mji yakatetemeka, na kishindo kikafika baadaye kidogo, kama radi ya mbali. Uzito ulikuwa umerudi. Chuma kilikuwa na mikwaruzo, viraka vya kuchomelea, rangi iliyobabuka kwenye mabega, na kila mkwaruzo ulichorwa na mkono wa mtu. Hawa wameshika chuma, Sumaya aliwaza. Hawa wamewahi kuingia karakana. Rubani mpya hakuwa msichana wa miaka kumi na sita kama siku zote. Alikuwa mama wa makamo aliyezoea kuendesha mashine za kupanga makontena bandarini, na aliiendesha roboti kwa subira, akipiga hesabu kabla ya kila kishindo.

"Huyu anaijua kazi," alisema Régis.

Dakika ya thelathini, Mama Hisae alikuwa bado hajaonekana. Dakika ya thelathini na tano, bado. Sumaya alikuwa ameuzungusha mtandio kwenye vidole mpaka damu ikagoma kupita. Kisha mlango wa ghala moja la kale ukasukumwa kutoka ndani, na bibi mmoja akatoka akichechemea, amepakaa grisi hadi kwenye viwiko, akikokota kwa mnyororo goti la Ordavion ya kwanza kabisa. Kumbe kiti alikipindua mwenyewe. Alikuwa ameondoka kwenda kutafuta vipuri.

Sumaya alipiga ukelele mpaka jirani akachungulia ukutani. Régis alipiga makofi. Béatrice aliuliza, "Huyu mama ni nani?" na wote wawili wakaanza kumweleza kwa pamoja, wakikatizana.

Ilikuwa muda mfupi baada ya hapo, wakati goti lile la zamani limekwisha kufungwa na roboti inatembea taratibu kuelekea baharini, Régis alipoinuka nusu kwenye kiti.

"Suma! Goti iko inavuja."

"Goti gani?"

"Ya kushoto. Kuna mafuta, chini ya bolti. Rudisha nyuma."

Sumaya alirudisha nyuma, akasogelea kioo. Hakuona. Akarudisha tena. Ndipo akaiona: mstari mwembamba mweusi, mwembamba kama uzi, ukishuka kwenye chuma cheusi, na haukukaa hata sekunde mbili. Yeye, fundi, mwenye macho yake mazima, ulikuwa umempita. Na baada ya robo saa, katikati ya vita, goti lilelile likakatika, roboti ikaangukia mkono mmoja, na ikajulikana kwamba waliochora uzi ule waliuweka pale kwa makusudi, kwa ajili ya atakayeuona.

Hapo Sumaya akalia. Alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika. Béatrice alidhani analilia roboti.

"Pole, dada. Si batatengeneza?"

"Ego, batatengeneza," Sumaya alisema ndani ya mtandio. Sasa alijua. Régis hajifanyi. Anaona.

Filamu haikukosa kasoro, na walizitaja zote mara tu ilipoisha. Kulikuwa na ndege mdogo wa chuma anayesema bila kukoma, ambaye Régis alitaka apigwe nyundo tangu dakika ya kwanza. Adui mkuu alitoa hotuba mbili ndefu akiwa ameshashindwa. Wimbo wa katikati haukuwa na kazi. Na mwisho waliuacha wazi mno, kama mlango uliosahauliwa na mtu anayekusudia kurudi.

"Ya zamani inashinda," alisema Régis.

"Inashinda, ndiyo," Sumaya alikubali. "Lakini hii hawakuiharibu. Mi niliogopa bataiharibu kabisa. Iko yetu bado."

"Na uyo ndege?"

"Uyo ndege tumusamehe, sha. Leo namusamehe kila mutu."

Aliomba mkeka, akaswali alasiri kwenye kona ya sebule, na rakaa zake zilikuwa ndefu kuliko kawaida. Alipomaliza, Régis alikuwa anamwuliza mkewe tarehe ya jicho la kushoto, kama inaweza kusogezwa mbele, kwa sauti ya mtu anayeulizia tarehe ya kufungua shule. Béatrice alisema ataulizia kesho. Akaongeza kwamba bibi yule mwenye grisi alimpendeza, lakini nguo zake zilihitaji kufuliwa.

Mafuta yalikuwa yamekosekana tena mjini na mabasi yalikuwa machache, kwa hiyo Sumaya aliteremka kwa miguu kutoka Mutanga Sud hadi Buyenzi, jua likiwa bado juu. Njiani alinunua mahindi mawili ya kuchoma, akala la kwanza, akala na la pili. Kabla hajafika nyumbani alitoa simu, akaomba kurudishwa kwenye kundi. Walimrudisha mara moja. Walikuwa bado wanabishana.