Maini ya Bunju Nilimpa Mdogo Wangu

Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama, lakini mdomo hausogei. Mdogo wangu Deo amelala mchangani, ananisikia, hawezi kujibu. Na aliyemlisha ni mimi. Mimi hapa!

Jina langu niachieni. Sisi ni wavuvi wa Kivukoni, Ifakara, watu wa mto na perege. Miaka hii ya tisini akaja mfanyabiashara mmoja, Zuberi, anatafuta watu wa kwenda kuvua baharini. Akatushusha kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu, na nyavu za matundu madogo. Hakutuambia kuwa pale ni hifadhi na nyavu zile ni marufuku. Wenyeji walishamkatalia, ndipo akatufuata sisi, wajinga wa bara!

"Msiwasogelee wenyeji," akatuambia, "watawauza kwa askari."

Akabeba samaki wote. "Kesho nawaletea unga." Boti ya doria ikaonekana, Zuberi akaingia mitini. Kesho ikapita, na kesho yake.

Njaa ikatubana. Deo akavuta wavu, akatoka samaki amevimba kama mpira. Akacheka, "Kaka, huyu kameza pampu!"

Mama mmoja alikuwa anapita na mtumbwi, katoka kutafuta pweza. Akapiga kelele, "Nyie wa bara! Huyo bunju, anaua! Mtupeni, njooni kijijini niwape muhogo!"

Nikakumbuka askari. Na kiburi nacho! Nikamjibu, "Mama, mimi na samaki tumezaliwa pamoja. Kama unamtaka, sema nikukatie."

"Haya, mjuzi," akasema, akapiga kasia.

Baba alitufundisha kuwa aliyevuta wavu ndiye hupewa maini. Nikampa Deo yote, kwa mapenzi. Mimi nikala mkia. Kumbe sumu ya bunju imejaa kwenye maini! Midomo ikanifa ganzi, nikatapika, nikapona. Yeye pumzi ikakatika huku ananitazama. Jamani!

Wakamzika wale wale wenyeji niliowakimbia.

Nilirudi nyumbani kwetu Michenga, hapo hapo Ifakara, nikamwambia mama kuwa Deo kazama. Akaniuliza, "Deo huyu aliyekuwa akiuvuka mto kwa kuogelea?"

Ndugu zangu mnaokwenda ugenini, mwenyeji akikuambia tupa, tupa! Usimletee ujuzi wa kwenu.

Nawe Zuberi, nakuona ukija Ifakara kununua mchele, unashangilia bei. Mama nitamwambia mimi nilichompikia mwanawe. Njia ya Michenga unaijua. Njoo ukae mbele yake, umjibu: ule unga uko wapi?