Siku Niliyomsahihisha Goreth

Ile Jumapili ya Upplands Väsby, kule Uswidi, mwanangu, mimi shangazi yako naikumbuka hadi harufu ya maharage yaliyokuwa jikoni. Nilikuwa kijana, nasomea uuguzi chuoni Flemingsberg, mdomo mwingi, najiona hodari wa Kiswidi kuliko Watanzania wote wa Stockholm. Ndiyo maana Waburundi waliponiomba nitafsiri kwenye ibada yao ya shukrani, kwa kuwa walialika na Waswidi, nilikubali hata kabla hawajamaliza kuomba.

Aliyekuwa anashukuru ni Goreth. Tulikaa naye hosteli moja ya wanafunzi, jiko moja, na mwaka ule nilimwona akinyauka. Darasani haendi, chakula anakigusa tu, simu ya mama yake ikiita anaigeuza kifudifudi. Nilijua sababu, alinieleza mwenyewe kwa siri. Alikuwa na mpenzi, msichana mwenzake aitwaye Linnea, na aliogopa kwamba siku nyumbani wakijua, atampoteza mama yake. Linnea huyohuyo ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa daktari, akampikia uji, akakaa naye mpaka akarudi masomoni.

Sasa nisikilize vizuri. Kwa Kiswahili chetu ukisema "mpenzi wangu alinipeleka kwa daktari," hakuna anayejua kama ni wa kiume au wa kike. Kiswidi hakikupi nafasi hiyo: mwanamume ni han, mwanamke ni hon, na sisi tuliokuja ukubwani tuliyachanganya maneno hayo kila siku, mpaka watoto wakatucheka. Basi Goreth alipotamka mbele ya watu, kwa Kiswahili ili wazee wamwelewe, "Mpenzi wangu alinipeleka kwa daktari, bila hivyo nisingekuwa hai," mimi nikatafsiri haraka: han. Nilifanya makusudi. Nilijiambia namsitiri.

"Hon," Goreth akasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Walidhani ni lile kosa letu la kila siku. Nami, loo! badala ya kunyamaza nikacheka nao, nikasema, "Hapana, alimaanisha han." Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Goreth alifumba macho, akaketi bila kumaliza shukrani zake.

Mama yake alikuwa kiti cha mbele. Mwanamke mfupi, aliyelea wanawe wa kwanza katika kambi ya wakimbizi Kigoma, asiyependa kupoteza maneno. Akaja akaniinamia sikioni.

"Rehema, weye Kiswidi umekijulia ukubwani. Mwanangu kakisoma tangu chekechea. Nani kati yenu anakosea?"

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Nikamfuata Goreth, nikapiga goti kando ya kiti chake, nikamwambia nimekosa. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Dada Rehema, kumpenda Linnea hakujaniumiza hata siku moja. Kinachoniumiza ni kujisahihisha kila ninapofungua mdomo, nyumbani, chuoni, kutwa. Leo na wewe umenisahihisha."

Kisha akasimama tena. Mtoto wa miaka ishirini na miwili, mbele ya wazee waliokimbia vita, akasema, "Mpenzi wangu ni msichana. Jina lake Linnea, ndiye aliyenipikia uji. Kama si yeye, mngekuwa mmeshanizika." Nikatafsiri neno kwa neno, sikupunguza kitu. Nimefanya kazi hospitali miaka mingi, nimeona watu mashujaa, lakini ujasiri wa yule binti sijauona tena.

Wako waliochukua makoti yao wakatoka. Mama yake alibaki pale kiti cha mbele, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Halafu akauliza, kila mtu akamsikia, "Na huyo aliyekupikia uji, mbona hukumleta naye ale?"

Goreth akacheka na kulia kwa pamoja. Sikudanganyi, haikuwa rahisi baada ya hapo. Mama alikuwa na siku zake za kununa, na wapo waumini ambao hawakumsalimia tena. Lakini binti alikula, akalala, akamaliza mitihani yake. Na wanafunzi wengine waliokuwa wanajificha kama yeye wakaanza kuja jikoni kwetu, wakinywa chai na kusema ya moyoni. Mimi nilikuwa nawasukumia chapati, nawatazama, naona fahari kana kwamba nimewazaa.

Basi wewe unayeanza chuo mwaka huu, usiseme unamsitiri mwenzako kumbe unajisitiri mwenyewe. Siri aliyokupa itunze, usiitoe hata kwa mama yako. Lakini siku akiamua kuisema kwa kinywa chake, simama karibu naye, na alilosema liache kama alivyolisema. Na kama ni wewe mwenyewe, mwanangu, wala sikuulizi, jua kwamba shangazi yako mmoja hatashtuka. Mungu akujalie usingizi mzuri, hamu ya kula, na watu ambao mbele yao hutalazimika kupima neno. Amina.