Mwanamke Aliyekuja Kusindikiza Mgonjwa

Tusekile alikuwa nesi wa wadi ya wanawake katika hospitali moja ya Rujewa. Alikuwa na sauti iliyosikika mpaka getini, na kila aliyeingia wadini kwake alishikwa mkono, awe mgonjwa au si mgonjwa. Wenzake walimtania kwamba amebeba adabu zote za Kinyakyusa kutoka kwao Rungwe. Yeye alijibu kwamba mdomo wa mtu utakwambia "sijambo" hata mwili ukiwaka moto, lakini kiganja hakijui kudanganya.

Asubuhi moja ya msimu wa kupandikiza mpunga, mwanamke mwembamba aitwaye Lusia alimleta mama mkwe wake, Bibi Faustina, aliyekuwa anatetemeka kwa malaria. Alimlaza, akamfunika, akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Anayemuuguza mgonjwa huonekana pale tu anapotumwa.

Aliporudi, Tusekile alimpa mkono. Kiganja kilikuwa baridi, na cheupe kama unga wa sembe. Nesi akakigeuza, akakitazama tena. Kisha akamvuta Lusia karibu na dirisha, akaufunua ukope wake wa chini. Ndani hapakuwa na wekundu hata wa kuombea. Shingoni mshipa ulikuwa unarukaruka kama wa mtu aliyekimbizwa.

"Umeanza kuchoka lini, dada?"

Lusia akacheka. "Nani hachoki msimu huu, nesi? Wote tumeinama majarubani."

"Ukipanda ngazi moyo unakwenda mbio?"

"Kwetu hakuna ngazi."

"Na huo udongo uliofunga kwenye kanga?"

Lusia akaona haya, akaufunika. "Ninautamani tu. Nikikosa, silali."

Tusekile akamwomba akubali kutolewa damu kidogo, ipimwe. Akakubali kwa shingo upande, kisha akabeba beseni la nguo za mkwewe akaenda karoni.

Jibu hakulileta mhudumu. Sedekia wa maabara alikuja mwenyewe, koti halijafungwa vifungo.

"Sista, hii damu ni ya nani? Yuko hai?"

"Anafua nguo hapo nje."

"Haiwezekani. Kiwango cha damu ni moja nukta tisa."

Mwanamke mzima anatakiwa awe na kumi na mbili, au karibu na hapo. Kwenye tano madaktari huanza kukimbia. Kwa miaka yote ya kazi, Tusekile alikuwa ameiona namba ya chini ya mbili kwa waliokwishazimia tu, na wengi wao hawakuzinduka.

"Mashine imekosea," alisema.

"Nami nilisema hivyo. Nikajipima mwenyewe, ikanipa kumi na nne."

Tusekile akatoka. Alitaka kukimbia, akajizuia, asije akamshtua. Karoni Lusia alikuwa ameshamaliza kufua, ameinama, mikono miwili imeshika beseni la nguo zilizolowa, anataka kujitwisha.

"Lusia, tua," alisema kwa sauti ndogo ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia. "Tua taratibu, mdogo wangu. Kaa hapo hapo chini."

"Kuna nini? Mama amefariki?"

"Mama yu salama. Ni wewe."

Walimrudisha kwa kiti cha magurudumu huku akilalamika kwamba watu watamcheka. Damu ya mkono wa pili ikatoa jibu lile lile. Dokta Gerson alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, kisha akamwita Tusekile pembeni.

"Imepungua kidogo kidogo kwa miaka, mwili ukazoea. Ndiyo maana anatembea. Lakini moyo umechoka. Tukimwongezea damu haraka, maji yatajaa mapafuni na tutamuua sisi wenyewe. Tusipomwongezea, atatufia vilevile."

Dokta alipomuuliza, Lusia akakiri kwamba hedhi yake ilikuwa haikatiki, miaka sasa. Hakuwa amemwambia mtu. Alidhani kila mwanamke anabeba lake.

Chupa ya kwanza ikatundikwa. Tusekile aliifungua kama mtu mchoyo anavyofungulia jirani maji ya mfereji, tone kwa tone, akavuta kiti akakaa. Jua lilikuwa kali juu ya bati, wadi nzima imenyamaza.

Chupa haijafika nusu, Lusia akakohoa. Mara moja, halafu mfululizo. Akajaribu kuinuka.

"Nesi, ninazama."

Tusekile aliufunga mpira wa damu kabla hajasimama. Akamkalisha wima, akamwegemeza kifuani pake, akapaza ile sauti yake ya getini: "Dokta! Oksijeni!" Mgongo wa Lusia ulikuwa umelowa jasho baridi, na ndani ya kifua chake kulisikika kitu kama maji yanayochemka. Gerson akaja mbio, akachoma sindano ya kutoa maji mwilini. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja.

"Usilale, Lusia. Nitazame mimi."

Kitanda cha pili, Bibi Faustina alikuwa amejiinua kwa viwiko. "Mungu wangu, na mimi nilimwita mvivu," alisema, bila kumlenga yeyote. "Juzi tu. Mbele ya majirani nilimwita mvivu."

Tusekile alikuwa anasikiliza pumzi za Lusia. Zilikuwa fupi, zinakwaruza, zikabaki hivyo mpaka mkono wake uliomshika mgonjwa ukafa ganzi. Hatimaye Lusia akanong'ona kwamba amebanwa na mkojo, na Tusekile, mama wa watoto wakubwa, karibu aangue kilio kwa furaha. Maji yalikuwa yanatoka. Pumzi zikarefuka. Jioni wakaifungua damu tena, polepole kuliko mwanzo.

Alipohakikisha Lusia ametulia, Tusekile akaenda nyuma ya stoo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mume wa Lusia, Rabson, alifika na matope ya jaruba miguuni, akatoa damu, na ndugu zake wawili nao wakatoa. Siku zilizofuata Lusia aliongezewa chupa nyingine, na rangi ikaanza kurudi midomoni. Asubuhi moja Tusekile alimkuta amesimama dirishani, amejishika kifua.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimekwenda chooni na kurudi, moyo haukupiga kelele." Akamgeukia, macho yamejaa maajabu. "Nesi, hivi ndivyo ninyi wengine mnavyojisikia kila siku?"

Tusekile alimtandikia kitanda, ingawa kilikuwa kimeshatandikwa.

Lusia alipelekwa Mbeya, akafanyiwa upasuaji, akatolewa uvimbe kwenye kizazi uliokuwa ukimtoa damu. Alipona. Msimu uliofuata alipandikiza mpunga bila kukaa ukingoni kupumzika, na mkwewe alikuwa akimletea uji shambani, akisimama kumngoja mpaka aumalize.