Majina Aliyoyabeba Prudence

Kwa miaka kumi na mmoja, mtu wa kanisa letu akipata shida hakumwendea mchungaji kwanza. Alimwendea Prudence, kwenye meza ya kahawa baada ya ibada. Unamnong'oneza: mume wangu anapasuliwa Alhamisi, mwanangu hajapata kibali cha kuishi. Yeye anaitikia kwa kichwa na kuendelea kunywa kahawa yake. Jumapili inayofuata anasimama mbele na kuwaombea wote, kila mmoja kwa jina na shida yake, watu ishirini, wakati mwingine thelathini, bila karatasi. Mimi ni Mkenya, makanisa nimeyaona mengi, na sijaona mtu mwingine wa namna hiyo.

Sitamfanya mtakatifu. Ni Mrundi, mjane wa miaka hamsini na minane, anaishi mtaa wa Hagsätra, hapa Uswidi, na binti yake Belyse. Ni mbishi. Mtu akinenepa humwambia mbele ya watu, na chai yangu ya maziwa huiita uji.

Februari mwaka jana, kwenye jiko la shule alikokuwa akifanya kazi, alisimama ameshika mfuniko wa sufuria asijue ni wa nini. Alisimama hivyo hadi mwenzake akaja kumtoa ule mfuniko mkononi na kumkalisha. Daktari alisema ameishiwa nguvu za mwili na akili. Waswidi wana neno lake, utmattning, na wanalichukulia kwa uzito kama mguu uliovunjika. Akapewa likizo ya ugonjwa. Vidonge vya usingizi alivikataa, akasema kichwa chake kimeshalala vya kutosha.

Jumapili iliyofuata alisimama kuomba kama kawaida. Alitaja watu saba, akanyamaza. Tukangoja. Akasema amina, akaketi. Dada yangu Rita, aliyekuwa Machakos akingoja majibu ya kipimo cha uvimbe, hakutajwa. Nilikasirika, nasema ukweli. Najua Mungu hangoji kukumbushwa na mwanamke wa Hagsätra, lakini nilikasirika hata hivyo, na nikamnyima salamu wiki mbili.

Évode, mzee wa kanisa, akapendekeza maombi yaandikwe kwenye kundi la WhatsApp. Prudence akasema siku majina hayo yatakapoandikwa, yeye atahama kanisa. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mwishowe alipewa hadi Pentekoste: akiweza kuwataja watu wote kama zamani, sawa. Asipoweza, kundi linaanzishwa na yeye anapumzishwa.

Nilikwenda kwake kuomba msamaha au kuombwa, sikumbuki lipi. Nilimkuta amekaa sofani na koti mwilini.

"Karibu, Mueni," alisema, na sauti haikuwa na kitu ndani. "Niko nasahau watu, na haiko inaniuma. Ile ndiyo naogopa."

Basi nikawa naenda kila Jumanne na Ijumaa kabla ya zamu yangu. Rebecka, mtaalamu wa zahanati, alikuwa amempa maagizo. Alale na kuamka saa zile zile. Atembee kila siku. Asifanye mambo mawili kwa pamoja, na simu ikae chumba kingine. Arudie tarakimu kinyumenyume. Na awe na daftari, kila jambo aliandike papo hapo ili kichwa kipate nafasi. Prudence aliyafanya yote bila furaha wala malalamiko, kama mtu anayefua nguo za mtu mwingine. Kwenye tarakimu alianza na tatu, kufikia Machi mwishoni akafika tano. Daftari halikuguswa.

Mbinu ya milango aliibuni mwenyewe. Tulipotembea kati ya maghorofa, kila mlango aliuwekea mtu mmoja. Mlango wa kwanza, Raïssa na kibali chake. Chumba cha kufulia, Gaël na goti lake. Kwenye duka la pizza, mama mmoja wa Akalla aliyegombana na wanawe. Kwenda anawataja, kurudi anawataja kutoka mwisho. Walifika kumi, kumi na mmoja, kisha wanaanza kudondoka. Siku aliyolala vizuri walifika kumi na wanne. Hawakuzidi hapo.

Rita alifariki Aprili. Nilimaliza zamu, nikanunua maziwa, nikaenda nyumbani. Sikuhisi kitu, nikadhani ndivyo inavyokuwa. Ijumaa tulitembea kama kawaida. Prudence alishazisikia habari kanisani, na mlango uliokuwa wa Rita tukaupita bila kumtaja.

Mei ilipofika Belyse alichoka. "Skriv upp det, mamma," alimwambia mama yake, yaani andika tu, mama. Prudence alivaa viatu akatoka, nami nikamfuata. Tulipokaa kwenye benchi ndipo akaniambia.

Baba yake, Clement, alikuwa karani wa parokia, na watu walimsifu kwa mwandiko. Daftari lake la waumini lilikuwa na kila jina, kila nyumba, watoto na umri wao. Mwaka wa tisini na tatu, mauaji ya kikabila yalipozuka kwao, wauaji walipofika hawakuuliza njia. Walilibeba lile daftari wakazunguka nalo, nyumba kwa nyumba.

"Baba walimuweka wa mwisho," alisema. "Ili aone."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayekutajia saa za treni. Kisha akasema viatu vinambana, turudi.

Siku ya Pentekoste ukumbi ulijaa. Prudence alisimama mbele, akafumba macho, akaanza. Alipofika wa kumi na mbili alinyamaza. Évode akainamisha kichwa, na namshukuru kwa hilo. Prudence akafumbua macho, akafungua mkoba, akatoa daftari la Rebecka. Alisoma majina ishirini na matatu, yote aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, na aliposema amina hakuketi. Alichana ule ukurasa, akatoa mkasi, akaanza kuukata mstari kwa mstari mbele yetu.

"Kila mtu akuje achukue lake," alisema. "Karatasi haitabaki nzima."

Tukapanga mstari kama watu wa meza ya Bwana. Évode alipokea kipande chake kwa mikono miwili. Mimi nilienda kwa sababu wote walienda, maana sikuwa nimemnong'oneza lolote tangu Februari. Kipande changu kilikuwepo. Nilikitia mfukoni bila kukisoma.

Tulirudi pamoja kwa treni. Baada ya kituo cha Gullmarsplan nikakitoa. Kiliandikwa hivi: "Mueni. Dada yake amekufa. Hajalia bado."

Nililia mle ndani ya treni, kwa sauti, kati ya watu wanaotazama simu zao. Kituo changu, Högdalen, kikapita na sikushuka. Nilimlilia Rita hadi kifua kikauma. Prudence hakunikumbatia, alinishika tu mkono wa koti. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Wewe lia, tangulia tu, mdogo wangu," alisema. "Mimi nitakuja."