Mchezaji Asiye na Mdomo

Disketi ilikuwa moja tu, na nilimwomba mke wangu anishonee mfuko ndani ya koti kwa ajili yake. Kutoka Njombe hadi Makambako, kila abiria aliyenisogelea nilimhesabu mwizi. Ndani ya disketi mlikuwa na drafti, ile ile inayochezwa kwa vifuniko vya soda, ila hii unacheza na kompyuta. Niliiandika mwenyewe, na niliamini nchi nzima inaitaka.

Kazi yangu ya kueleweka ilikuwa kuandika programu kwenye kampuni moja ya mashamba ya miti, upande wa Kifanya. Programu yangu kubwa ilipanga nguzo za umeme zikae kwa muda gani kwenye dawa ya kuzuia kuoza. Ingekosea, nguzo zingeoza zikiwa zimesimama. Haikukosea hata mara moja, na nilijivuna nayo. Lakini ndiyo miaka ile mashirika ya umma, na letu likiwemo, yalikuwa yanauzwa. Wageni wenye tai walikuja kupima majengo, na wenzangu walinyamaza kila nilipoingia chumba cha chai, wakiamini kompyuta yangu ndiyo inayopanga majina ya watakaopunguzwa. Iliniuma. Nikaomba likizo ya mwezi mmoja, nia yangu ikiwa nisirudi tena, nitengeneze michezo. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi pale Yakobi, alisema mwezi ukiisha na hakuna anayecheza, nirudi kwenye nguzo zangu. Nikakubali, maana nilikuwa na hakika.

Alhaji mmoja mwenye malori alikuwa na mgahawa wa chai karibu na maegesho ya Makambako, na kompyuta aliyoinunua bila mtu wa kuitumia.

"Watu wakicheza, ibaki," aliniambia. "Wasipocheza, Fundi, naweka video."

Siku ya kwanza walijaa. Madereva, matingo, wauza viazi, wote walitaka kubonyeza. Mashine iliwapiga wote, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilisimama pembeni nikichekelea. Siku ya pili walikuja wachache. Wiki ya pili kiti kilibaki kitupu, mama wa chai akawa anaweka chupa za chai juu yake.

Nikaanza kuona njama. Alhaji lazima amewakataza watu ili nikate tamaa, aichukue drafti yangu bure. Mama wa chai anafuta kibodi mara nyingi mno, ametumwa na nani? Zaidi ya wote nilimshuku mzee mmoja, dereva mstaafu aliyesifiwa kwa drafti mpaka Songea. Kila siku aliketi hatua mbili kutoka kwenye kompyuta na ubao wake wa vifuniko, mgongo kwangu. Nilijua anaiba mbinu zangu kwa masikio, ingawa mashine haikuwa na sauti.

Ilipobaki wiki moja nilimkabili.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene. Kaa tucheze."

Nilikaa ili nimpeleleze. Mdomo wake haukufungika. "Hapo umekanyaga siafu, bwana mdogo. Haya, kula, si lazima ule? Kula basi." Nikala kete moja, yeye akala tatu, akapata kingi. Watu wakacheka, na mimi mwenyewe nikacheka, nikaomba tena. Nilipigwa mara nne kabla sijakumbuka nilichofuata.

"Mbona yangu huchezi?" nikamuuliza.

"Ile haikosei," alisema bila kugeuka. "Haikosei, haisemi, haicheki. Mtu wa namna hiyo ana lake jambo. Wewe ungekaa naye?"

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa ameniambia kilichokuwa kinasemwa juu yangu kule kwenye chumba cha chai cha kampuni.

Nikarudi Yakobi, nikaenda misheni kuomba kompyuta yao niitumie siku mbili. Niliiandika upya. Mara nyingine mashine ichague mchezo mbovu. Ikiliwa, iandike kwenye kioo, "Hiyo sikuiona." Ikikula, ikutanie. Kuandika kosa kwa makusudi kulinitoa jasho kwenye baridi ile. Vidole vilikuwa vinarudi vyenyewe kusahihisha.

"Kwa hiyo unaacha kazi," mke wangu alisema, "ili uifundishe mashine kukosea."

Niliirudisha disketi kwenye mfuko wa koti.

Siku ya mwisho ya mwezi nilimkuta Alhaji amesimamisha boksi la televisheni mlangoni. Nikamwomba mzee acheze mara moja tu. Alihamisha chupa za chai, akaketi. Akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu. Watu wakasogea. Mashine ikamwandikia, "Mzee, hapo umelala?" Akaguna. Baada ya muda ikaacha kete mbili wazi, akazila, akashinda. Watu wakapiga makofi, yeye akanigeukia.

"Umeniachia."

Mwezi mzima nimewashuku watu wa chumba kile, kumbe mwenye kuficha jambo nilikuwa mimi peke yangu. Ningeweza kukana. Alhaji alikuwa ananitazama, mkono juu ya boksi lake.

"Nimeifundisha kukosea," nikasema. "Lakini itakosea lini, na wapi, hata mimi sijui."

"Hata wewe hujui?"

"Sijui, mzee. Inachagua yenyewe."

Alikigeukia kioo tena.

"Basi afadhali," alisema. "Siku zote hizi nilidhani ni wewe umejificha humo."

Akavuta kiti karibu, akamsukuma mtu aliyekuwa anamwegemea begani. "Haya, anza wewe," akaiambia mashine, "na leo nitakunyamazisha." Alhaji alilirudisha boksi stoo.

Jumatatu sikwenda kwenye nguzo.